Kikundi cha muziki cha watoto mtaani: anza na kidumbaki

Watu wengi wanaotaka kufundisha watoto muziki huanza kwa kutafuta ala. Huandika barua za kuomba msaada, hungoja fidla na vinanda, na mwaka unakwisha watoto hawajapiga hata pigo moja. Nami nilianzia huko huko. Darasa langu la mwanzo hapa mjini Unguja tulichanga tukanunua fidla 4, tukaziweka mbele ya watoto 20. Wanne wanapiga, kumi na sita wameegemea ukuta wanangoja zamu. Wiki ya tano walikuwa wamebaki 7. Watoto wale hawakuwa wavivu. Tuliwaita waje wapige muziki, walipofika tukawapa kazi ya kungoja.

Tangu hapo nashika jambo moja: mtoto apige pamoja na wenzake siku ya kwanza ya kupiga, somo la mmoja mmoja lije baadaye. Wengine wamelijua hilo zamani kuliko mimi. José Antonio Abreu alipoanza okestra ya vijana Caracas, Venezuela, mwaka 1975, walikusanyika vijana 11 ndani ya gereji wakapiga pamoja, na mpango ule wa El Sistema hadi leo humtia mtoto kwenye kundi mapema. Kwa jirani zetu, Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, imelea okestra katikati ya mtaa wa mabanda. Kinshasa, okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilikuwa na uhaba wa kila kitu, hata uzi wa fidla ukikatika wakafunga waya wa breki ya baiskeli, muziki ukaendelea.

Sisi wa Unguja tuna njia nyepesi zaidi iliyo mikononi mwetu, nayo ni kidumbaki. Kidumbaki ni ndugu wa taarabu asiye na mali: vingoma viwili vidogo, sanduku lenye uzi mmoja linaloshika besi, cherewa za vifuu vya nazi, vijiti vya mkwasa, na fidla moja ikipatikana. Karibu ala zote hizo utazitengeneza na watoto wenyewe. Mwongozo huu nimeuandika kwa mazingira ya Zanzibar, lakini wa Tanga, Mombasa au Lamu atabadilisha machache tu. Aliye Dodoma ana zeze, marimba na ngoma za muheme za Wagogo. Aanze na hizo, asihangaike na za kwetu.

1. Nenda kwa wazazi kabla ya watoto

Piga hodi kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Mweleze unataka kufanya nini, wapi, siku zipi, na nani watakuwa wakubwa wa pale. Kisha nenda kwa mwalimu wa chuoni, yaani chuo cha Kurani, kwa sababu watoto wako ni wanafunzi wake, na ukigombania saa naye utashindwa, na ni haki ushindwe. Muulize vipindi vyake, upange vyako pembeni. Kwetu watoto wengine wako skuli asubuhi, wengine mchana, na chuo kinachukua jioni kadhaa. Tulichopata ni Jumamosi asubuhi na siku moja baina ya alasiri na magharibi. Mwezi wa Ramadhani tunafunga darasa kabisa.

Kwa wazazi sema ukweli wote. Kidumbaki wanakijua: ni cha harusini, cha usiku, chenye maneno ya mafumbo na viuno. Ukijifanya hivyo havipo, mzazi atajua unamficha jambo. Mwambie: nyimbo zitakuwa za watoto, nitakuonesha maneno kabla hawajayaimba, hakuna safari ya usiku, hakuna mtoto atakayepelekwa kupiga harusini. Uyashike maneno yako. Siku utakapovunja moja, darasa limekufa.

Akina mama wana hofu zaidi juu ya wasichana, na hofu hiyo ina sababu. Usiipuuze. Mimi huwa nawaalika waje wakae barazani wakati wa darasa, waje na mchele wao wachague, waje na ukili wao wasuke. Wanaokaa mwezi mmoja huwa ndio walinzi wa kikundi. Na nikikaa nao huwakumbusha habari wanayoijua wote, ya Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Sauti ile ilikuwa ya binti wa shamba, na pwani nzima ikaijua.

Yuko mzazi atakayekataa kwa sababu ya dini. Usibishane naye. Wengine hawataki nyuzi lakini dufu hawana neno nalo, maana wanalisikia kwenye maulidi. Mtoto wa mzazi huyo mpe dufu na sauti, inatosha kabisa kumkalisha ndani ya kundi.

2. Mahali na usalama

Ukumbi wa skuli, banda la mtaa, baraza pana lenye kivuli. Pasiwe chumba cha ndani kwa mtu. Wakubwa wawe wawili kila kipindi, mmoja wao mwanamke, na mlango uwe wazi. Mtoto asifundishwe peke yake na mkubwa mmoja faraghani, hata mwalimu awe mjomba wake. Weka daftari lenye jina la mtoto, simu ya mzazi, na nani anaruhusiwa kuja kumchukua. Mtoto hapigwi wala hatukanwi kwa kukosea pigo.

Fedha zishikwe na mzazi aliyechaguliwa na wenzake, mwalimu asizishike. Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mwalimu mwenye ufunguo wa kasha atasemwa hata akiwa msafi. Kwetu mchango ni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa anayeweza. Asiyeweza huleta vifuu.

3. Tengeneza ala pamoja nao

Hapa usiharakishe. Wiki tatu za kutengeneza ala si kupoteza muda, maana mtoto aliyewamba ngoma yake hataikalia kama kigoda.

*Cherewa.* Waambie waje na vifuu viwili vya nazi moja. Mkazo uwe kwenye "nazi moja", kwa sababu vifuu vya nazi mbili tofauti havikutani midomo. Vikwanguliwe ndani, vikaushwe juani siku mbili, visuguliwe nje kwa msasa. Toboa tundu upande mmoja, pitisha kijiti cha kushikia, tia vikokoto vidogo vya pwani kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, kisha unganisha kwa gundi ya mbao na uzungushe kitambaa kwenye kiungo. Kunde zina sauti nzuri lakini wadudu huzila, baada ya miezi miwili cherewa imejaa unga. Kila mtoto atengeneze mbili, za kulia na kushoto.

*Mkwasa.* Vijiti viwili vya mti mgumu, urefu wa kama sentimita 20. Omba mabaki kwa seremala. Kimoja kilale juu ya vidole vilivyokunjwa bila kubanwa, kingine kipige. Ukikibana kwa kiganja sauti inakufa.

*Vingoma.* Asili yake ni mwili wa udongo uliowambwa ngozi ya mbuzi. Ukimpata mfinyanzi, mpe kazi. Usipompata, kata bomba la plastiki la inchi 6 kwa urefu wa sentimita 30 hivi, lainisha ukingo kwa msasa usije ukachana ngozi. Ngozi utaipata kwa wingi siku za Idi Kubwa, wakati kila nyumba imechinja na ngozi zinatupwa. Pita siku ile ile, chumvi mkononi. Ngozi ilowekwe usiku kucha, manyoya yakwanguliwe kwa wembe, na hiyo ni kazi ya mkubwa. Iwambwe ikiwa imelowa, kwa pete ya chuma na kamba, ikivutwa pande zinazokabiliana ili isiende upande mmoja. Ikauke kivulini siku tatu au nne. Ukiianika juani inapasuka, na hakuna dawa. Kabla ya kupiga iotwe kidogo juani au kwa moto wa karatasi, mkononi, ukisikiliza. Ikianza kulia kama kioo, acha.

*Sanduku.* Zamani lilikuwa sanduku la chai hasa, lile la mbao nyembamba. Leo seremala atakuchongea la plaiwudi, kila upande kiasi cha nusu mita, chini wazi, na bao la juu liwe jembamba kuliko ya pembeni ili litetemeke. Toboa katikati ya bao la juu, pitisha mshipi mnene wa kuvulia, ndani uufunge kwenye kitufe au kipande cha mbao usichomoke. Ncha ya pili ifungwe kwenye fimbo ngumu ya urefu wa mita moja inayosimama kwenye ukingo wa sanduku. Weka jiwe chini ya kona moja, sauti ipate pa kutokea. Fimbo ikivutwa nyuma uzi unakaza na sauti inapanda, ikiachiwa inashuka.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwapo binti wa miaka 9 ambaye miezi miwili hakuwa amesema neno darasani zaidi ya shikamoo. Nikamweka kwenye sanduku kwa sababu hakuna aliyelitaka, linaumiza vidole. Nikaimba sauti moja, nikamwambia avute fimbo mpaka uzi useme kama mimi. Akavuta, ukapita juu. Akaachia, ukashuka chini mno. Akainamisha sikio mpaka likagusa bao, akavuta polepole, na sauti ya uzi ilipokutana na yangu akanitazama, akaizuia fimbo pale pale kwa nguvu zake zote. Hakuna noti iliyoandikwa wala alama kwenye fimbo. Alichonacho ni sikio, na sikio ndilo analohitaji mwanamuziki kuliko chochote. Mpe mpiga sanduku kitambaa cha kufungia vidole, na kila baada ya dakika kumi mbadilishe.

Kwa watoto 12 tunatosheka na masanduku 2, vingoma 4, jozi 3 za cherewa na jozi 3 za mkwasa. Nai, yaani filimbi ya mwanzi, na filimbi nyingine zisishirikiwe. Kama ipo moja, iwe ya mtoto mmoja.

4. Kipindi cha kwanza cha kupiga

Dakika 45, basi. Ngoma ya watoto haikeshi, na mtoto aliyeondoka akiwa bado na hamu atarudi.

Anza kwa mdomo. Hesabu moja hadi nane mkitembea mahali. Kisha wafundishe maneno mawili: *dum* na *tak*. *Dum* ni pigo la katikati ya ngozi, zito. *Tak* ni la ukingoni, kavu. Pigo tunaloanza nalo ni lile Waarabu wanaloliita maksum, nalo ni hili:

1 dum, 2 tak, 3 kimya, 4 tak, 5 dum, 6 kimya, 7 tak, 8 kimya.

Waseme kwa mdomo mpaka wasikosee. Halafu kwa viganja: *dum* kifuani, *tak* mapajani. Ngoma iwe ya mwisho. Mtoto asiyeweza kulisema pigo hawezi kulipiga, na anayeweza kulisema amebakisha kidogo tu.

Sasa gawa kazi. Vingoma vipige maksum. Cherewa zipige hesabu zote nane sawasawa, bila kukimbia. Mkwasa upige ya 1, ya 4 na ya 7 tu. Sanduku lipige ya 1 na ya 5, sauti moja tu, isibadilike. Kila kazi ikiwa peke yake ni rahisi hata kwa mtoto wa miaka 6. Zikiingia moja moja, kwanza cherewa, kisha sanduku, kisha mkwasa, mwisho vingoma, ghafla pana muziki. Utaziona nyuso zao. Siku hiyo ya kwanza waache wausikie kwa dakika mbili nzima bila kuwasimamisha, hata kama mmoja anakosea.

Kabla hawajaondoka zungusha kazi mara moja. Aliyepiga ngoma ashike cherewa. Usiposhika desturi hii mapema, wavulana watamiliki vingoma na wasichana watabaki na cherewa mwaka mzima. Nimeliona hilo katika vikundi vingi, na linakera.

5. Miezi mitatu ya mwanzo

Mwezi wa kwanza ni mapigo tu na nyimbo za michezo wanazozijua kutoka uwanjani. Zina sauti chache, zinaitikika, na hakuna mzazi atakayezikataa. Tafuta sauti inayowafaa watoto, usiwaimbishe chini kama wanaume wa kilabu cha taarabu. Kiongozi aimbe mstari, wengine waitikie. Kiongozi abadilike kila wimbo.

Mwezi wa pili sanduku lipewe sauti ya pili, halafu ya tatu. Njia ni ile ile: mwalimu anaimba, mtoto anatafuta kwa kuvuta. Fundisha pia kusimama. Kikundi kinachoweza kunyamaza pamoja kwa ishara moja ya mkono kimefika mbali, na zoezi hilo watoto hulipenda kama mchezo.

Mwezi wa tatu mwite mzee. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905 na kile cha Culture Musical Club tangu 1958, na mitaani wapo wazee waliopiga miaka mingi ambao hawaalikwi popote. Mwite mmoja, mpe kiti kizuri na kahawa, watoto wamwamkie vizuri, kisha apige nao. Asihutubie, apige. Saa moja ya kukaa karibu na mkono wa mtu anayejua ina faida kuliko maelezo yangu ya mwezi. Na mlipe nauli, hata akikataa.

Mtoto akikosa mara mbili, nenda kwao uulize hali. Mara nyingi utakuta ana mdogo wa kulea. Mwambie aje naye. Kwetu kuna kona ya mkeka kwa ajili hiyo, na wadogo wale ndio wanaojua mapigo yote kabla ya kuanza skuli.

6. Ala za fidla, udi na kanuni zifuate

Baada ya miezi sita utakuwa unawajua wanaorudi hata mvua ikinyesha. Hao ndio wa kuanza nao masomo ya ala. Kwa fidla angalia ukubwa: mtoto anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikiwa begani, na kichwa cha fidla kifike kiganjani bila kujinyoosha. Nusu saizi huwafaa wengi wa miaka 7 hadi 9, robo tatu wa 9 hadi 11. Ukimpa ya mkubwa atapinda shingo, na kupinda huko hakutoki.

Udi huwa na nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi. Kanuni ina nyuzi 70 na zaidi, zikifungwa tatu tatu kwa kila sauti, na kuirekebisha peke yake ni kazi ya saa nzima. Usinunue kama hakuna mkubwa anayejua kuifunga. Kinanda cha kawaida si cha kuanzia kabisa kwa muziki wetu, maana makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama bayati na rasti zina sauti zinazoangukia katikati ya funguo mbili zake, na sikio la mtoto likizoea funguo litazisikia sauti hizo kama makosa.

Mjini Unguja, Dhow Countries Music Academy, kwa jina la kawaida DCMA, inafundisha ala hizi tangu 2002. Kwa kijana wa bara anayetaka kusoma sanaa kama kazi ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo mwaka 1981. Mpeleke mwenyewe mara ya kwanza, mlango mkubwa humtisha mtoto. Lakini asikiache kikundi. Jumamosi arudi na fidla yake, apige na wenzake wa cherewa, na wadogo wamwone.

7. Onyesho la kwanza

Lifanyike pale pale mnapofanyia mazoezi, mchana, mbele ya wazazi, sheha na mwalimu wa chuoni. Nyimbo tatu zinatosha. Kila mtoto apige, hakuna wa akiba. Mkitaka kupanda jukwaani kwa watu kwa kiingilio, pitieni kwanza Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni mkaulize utaratibu wa usajili. Bara ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Picha za watoto zisiwekwe mitandaoni mpaka mzazi wa kila mtoto akubali.

Onyesho likiisha watu watataka kuwatunza watoto fedha. Watangazie mapema kwamba tunzo ziwekwe kwenye kapu la mweka hazina, zigharamie mishipi na ngozi. Kisha, kabla ya soda na sambusa, watoto warudishe ala wenyewe: cherewa zihesabiwe jozi kwa jozi, vingoma viwekwe mbali na ukuta wenye unyevu, na mpiga sanduku alegeze uzi. Ukilala umekazwa, asubuhi bao la juu limebonyea, na sauti ya Jumamosi iliyopita haipatikani tena.